Mwalimu Aliyesahihisha Makopo

Mwalimu hakuwahi kusifu chakula mbele ya aliyekipika. Ukimkaribisha akala, akamaliza, akafuta mdomo na kusema "haikuungua," ujue umeshinda, na una haki ya kwenda kuwasimulia watoto wako. Nilimfahamu tangu nikiwa msichana wa sare katika darasa lake la sayansi kimu, nikaja kuolewa nyumba ya tatu kutoka kwake huku Machame, na kwa miaka yote hiyo niliambiwa "haikuungua" mara moja tu. Ilikuwa chai.

Alitufundisha kupika, kushona, na kupanga meza kwa ajili ya wageni ambao wengi wetu hatujawapata mpaka leo. Tulijua uma wa samaki unakaa upande gani wa sahani, ilhali samaki pekee tuliyemfahamu nyumbani alikuwa dagaa, na dagaa haulizi uma. Mwanafunzi akiuliza kwa nini tunajifunza mambo hayo, Mwalimu alijibu kwamba mtihani hauulizi unakula nini kwenu. Aliyeshindwa kushona tundu la kifungo aliambiwa asijali, kwani wapo wanaume wasiovaa mashati.

Watu wanaomkumbuka kwa ukali wanasema kweli, ila hawasemi yote. Huyo huyo aliyempa binti sifuri kwa sababu ya keki iliyobonyea katikati ndiye aliyemkuta binti huyo analia nyuma ya jiko, akakaa naye chini, wakaila keki yote. Sifuri haikufutwa. Mwalimu hakuona kama mambo hayo mawili yanagongana.

Alikuwa mwanamke mkubwa, na sisemi hivyo kwa heshima tu. Alipostaafu aliongezeka, na mumewe alipofariki akaongezeka zaidi. Watoto wake walikuwa Dar es Salaam na Mwanza, kila mmoja akimpigia simu na kumshauri afanye mazoezi, kana kwamba njia ya kwetu, inayopanda kutoka barabarani kama ngazi isiyo na ngazi, haikuwa mazoezi ya kutosha. Mtu akimtania kuhusu unene, alijibu kwamba yeye hana tatizo, tatizo ni njia za Machame kuwa nyembamba. Lakini magoti yalikuwa yameanza kusema ukweli wao. Alishuka kwenda kanisani akisimama kila baada ya nyumba chache, akijifanya anakagua migomba ya watu. Nasi tulijifanya tunaamini, tukasimama naye, tukaikagua.

Hatimaye alikwenda hospitali mjini. Aliporudi alinisimulia kwa sauti ile aliyoitumia kusoma insha mbaya mbele ya darasa.

"Daktari ni kijana mdogo," alisema. "Ameangalia goti, halafu akaniangalia mimi nzima, halafu akaniuliza kama huwa ninakula wanga. Nikamwambia natoka Machame. Akasema anaelewa."

Alichoelewa kijana huyo ni kwamba goti moja lilikuwa limekwisha, linahitaji kubadilishwa, na mpasuaji hatamgusa mpaka uzito upungue, maana sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Bila upasuaji, alimwambia waziwazi, itafika siku hatatoka nje ya nyumba yake. Mwalimu alisimulia sehemu hiyo haraka, akiwa anatazama kwingine, akarudi kwenye kumcheka daktari kwa viatu vyake vilivyochongoka.

Dayati yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Asile ndizi, ugali, wali, viazi, mkate, wala chapati, na mbege, pombe yetu ya ndizi, asiinuse. Ale protini na mboga za majani. Kumwambia mtu wa Machame aache wanga ni kumwambia aishi hapa bila kuuangalia mlima. Ndizi ziko nyuma ya nyumba, mbele ya nyumba, pembeni mwa banda na juu ya makaburi ya wazee. Mzazi anapewa mtori wa ndizi, mfiwa anapikiwa ndizi na nyama, bwana harusi anapimwa kwa mbege aliyoileta, nayo ni ndizi. Hata ng'ombe anakula mgomba. Katika kihamba chote cha Mwalimu, yaani shamba linaloizunguka nyumba, kuku ndiye peke yake aliyekuwa anafuata maagizo ya daktari, na hata yeye alikuwa anadonoa maganda.

Mimi niliingizwa katika jambo hili kwa sababu mbili. Nilikuwa na gari, tena nilikuwa nimelalamika kanisani kwamba gauni langu la sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wangu anayeolewa, halifungi. Mwalimu alilisikia hilo la gauni kutoka kule kwaya ilipokuwa imekaa, akaja jioni yake akaniarifu kwamba tunaanza Jumamosi. Hakuniuliza. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nina watoto na ofisi mjini ya kupanga safari za wapanda mlima, na nikajikuta nasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Basi tukawa tunashuka Moshi kila Jumamosi kutafuta protini. Duka alilolichagua ni lile la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye familia yake imekuwa mjini tangu enzi za babu yake. Zamani lilikuwa duka la unga, sukari na vibiriti. Siku hizi lina milango ya kioo, na rafu nzima ya vitu vya wageni wanaokuja kupanda mlima na wale vijana wanaokwenda jimu. Rafu hiyo iliandikwa protini kila upande. Kulikuwa na unga wa protini kwenye makopo makubwa kama ya rangi ya ukutani, chokoleti za protini, biskuti za protini, siagi ya karanga ya protini, na maziwa ya protini, jambo ambalo ng'ombe walilijua siku nyingi bila kuliandika mgongoni.

Mwalimu alivuta kiti kutoka kwa mhasibu wa duka, akakaa mbele ya rafu, akateremsha miwani hadi ncha ya pua, akaanza kusahihisha. Alichukua kopo moja moja, akaligeuza nyuma, maana alisema mbele ya kopo ni kama salamu, kila mtu anaijua. Alama zote alizitunza kichwani. Siagi ya karanga ilipata alama nzuri mpaka alipofika kwenye sukari, akairudisha akisema huyu alianza vizuri akachungulia kwa jirani. Biskuti alizisoma kwa muda mfupi sana. "Huyu hakuelewa swali," alisema. Kopo kubwa lenye picha ya mwanaume mwenye mikono kama mapaja lilimchosha kwa maneno mengi. Akasema ndivyo wanavyoandika watoto wasiojua jibu, wanajaza karatasi.

Samaki wa kopo walifaulu. Mtindi mtupu ulifaulu. Mtindi wa matunda aliuita juisi iliyochelewa.

Mzee wa duka alikuwa amemzoea. Walikuwa wamegombana tangu enzi Mwalimu alipokuwa ananunulia shule mahitaji ya mapishi na kudai kila mfuko upimwe upya mbele yake. Yeye alimwita Mwalimu, naye Mwalimu alimwita Mzee wangu, hata pale alipokuwa anamwambia kwamba mizani yake inahitaji ubatizo. Nadhani walikuwa marafiki. Hakuna aliyethubutu kuwaambia.

Siku ya soseji ndiyo iliyomfanya Mwalimu awe maarufu mjini. Paketi iliandikwa nyama, na picha ilikuwa ya nyama. Mwalimu alinunua, akafungua pale pale kaunta, akakata kipande kwa kisu alichotoka nacho nyumbani, akatoa mkobani kichupa cha iodini chenye kidondoshio. Wanafunzi wake wote tunaijua iodini ile. Ni maji ya rangi ya kahawia. Ukiyadondosha kwenye chakula chenye wanga yanageuka bluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Alidondosha. Soseji ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Wateja walisogea. Mama mmoja aliyekuwa na paketi kama ile kwenye kikapu aliirudisha taratibu, akisukuma kwa kidole.

"Mzee wangu," Mwalimu alisema, "huu ni mkate uliovaa suti."

Mzee wa duka aliinama akatazama kile kipande kwa makini. "Mwalimu, mimi sijala nyama tangu nizaliwe. Soseji naziuza kwa imani."

"Basi tubu."

Hakutubu, lakini aliingia chumba cha nyuma akarudi na kipande cha jibini nyeupe ambayo mkewe hutengeneza nyumbani kwa maziwa na ndimu, akakiweka kaunta, akarudi nyuma hatua moja kama mtuhumiwa. Mwalimu alidondosha iodini. Jibini ikabaki na rangi ya iodini tu, hudhurungi, haikugeuka. Mwalimu aliitazama muda mrefu, akitafuta kosa. Halafu akauliza kama ipo nyingine. Kuanzia Jumamosi hiyo ilikuwa ikimsubiri kwenye friji, imefungwa kwenye mfuko, na hakuisifu hata siku moja.

Mimi nilikuwa na mchango wangu katika elimu hii. Wageni wakishuka kutoka mlimani huwaachia waongozaji chokoleti za protini walizobeba toka kwao wasizimalize, na waongozaji, ambao wameonja, huniletea ofisini kwa ukarimu mkubwa. Nilikuwa na droo imejaa. Nikampelekea Mwalimu. Alizipanga mezani kwake, akazikata vipande sawasawa, akaweka maji ya kusuuzia kinywa, akaniketisha upande wa pili wa meza tuonje wote. Hakukubali nionje kwangu na kumletea majibu. Tukaonja Jumamosi ile na nyingine nyingi baadaye, saa nzima, mpaka nikawa naaga kwa kujificha. Moja ilitafunika kama mkanda wa shule. Nyingine ilikuwa tamu, nikafurahi, mpaka aliposoma nyuma yake na kukuta sukari imetangulia protini kwenye orodha. "Wamegundua pipi," alisema, "halafu wakaona aibu." Ya tatu haikuwa na sukari kabisa, ilitiwa kitu cha kuigiza sukari ambacho kikizidi huendesha tumbo, naye akaila yote kwa sababu chakula hakitupwi. Alasiri hiyo alikuwa na mazoezi ya kwaya. Waliokuwepo wanasema alitoka katikati ya ubeti wa pili kwa heshima zote, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu goti limharibikie, Mwalimu alionekana akikimbia.

Sasa nieleze upande wake mwingine, usije ukadhani alikuwa mtu wa kanuni. Kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa mazao ambayo waumini wamemtolea Mungu: maparachichi, mayai, kuku, maziwa, na bila shaka ndizi. Mwalimu, aliyekatazwa ndizi, ndiye aliyekuwa anapandisha bei ya mkungu mkubwa kuliko wote. Mke wa katibu wa usharika alikuwa anautaka na watoto wake ni wengi, lakini akishapandisha, Mwalimu anapandisha. Nilimwuliza anaupeleka wapi. Alinijibu kwamba daktari amemkataza kula, hakumkataza kushinda. Kisha aliugawa ule mkungu, chane huku chane kule, nyingi zikaishia kwa mke wa katibu yule yule, zikiambatana na ujumbe kwamba ajifunze kupaza sauti mnadani. Mimi, mwenzake wa dayati, niliyekuwa najinyima mkate mpaka naota mkate, niliachiwa chane mbili mlangoni kila wiki. Nilizila. Kutupa chakula cha Mwalimu ni jambo ambalo sikuwahi kuwa na ujasiri nalo.

Kulikuwa na jambo lililomuuma, nami nililijua siku moja tu, tukiwa ndani ya gari tunapanda kurudi. Kwa maisha yake yote alikuwa amechora ubaoni mlo kamili, na sehemu kubwa ya mchoro ule ilikuwa vyakula vya kutia nguvu: ndizi, mahindi, viazi. Tuliuchora, tukaupaka rangi, tukaufanyia mtihani. Sasa kijana mwenye viatu vilivyochongoka alikuwa ameufuta.

"Ina maana niliwafundisha uongo?" aliuliza.

Nilimwambia hapana, kwamba wakati ule tulikuwa tunatembea kwa miguu kwenda shule na kurudi tukilima, nguvu zilikuwa na pa kwenda. Alishika mfuko wa jibini mapajani mpaka tulipofika, na siku hiyo hakuisahihisha hata barabara.

Baada ya hapo ndipo yalipotokea ya Aikande. Aikande tulisoma naye darasa moja. Alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya utalii mjini mpaka wageni walipoacha kuja, na walipoanza kurudi, kampuni ilikuwa imefungwa na mume wake naye alikuwa amekwenda kutafuta maisha mahali ambapo inaonekana simu hazishiki. Akaanza kuuza unga wa protini wa kampuni moja inayouza kwa kupitia watu. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika akamruhusu aje aueleze ukumbini siku ya kikao. Alikuja amevaa vizuri, amepanga makopo juu ya kitambaa cheupe jinsi tulivyofundishwa, na kila kopo lilikuwa na picha ya mwanamke ambaye kwa jinsi kiuno chake kilivyokaa hajawahi kubeba ndoo.

Alieleza vizuri. Wanawake wengi waliagiza pale pale. Halafu Mwalimu akaomba kijiko kimoja cha unga, akakitia kwenye kisosi, na mkono wake ukaingia mkobani. Nilijua anatafuta nini. Ningeweza kusema kitu, na sikusema, kwa sababu nami nilitaka kuona.

Unga uligeuka bluu.

Ukumbi ulicheka. Mwalimu hakuwa na haja ya kusema neno lakini alisema, akauliza kama kopo hilo huchanganywa na maji au hupikwa ugali. Walioagiza wakaanza kukumbuka ada za shule. Aikande alikunja kitambaa chake kwa pembe nne, akarudisha makopo kwenye boksi moja baada ya jingine, akamgeukia Mwalimu.

"Asante, Mwalimu," alisema, bila kejeli yoyote, kama alivyokuwa akisema akirudishiwa daftari.

Tulipanda garini. Nilidhani Mwalimu atasherehekea. Tulipofika karibu na daraja alisema nisimamishe gari, nikasimamisha, tukakaa tukiangalia mto. Akaanza kuongea kama anayesomea mtu mwingine. Alisema iodini inasema wanga upo. Haisemi ni kiasi gani. Punje moja ya wanga na gunia zima vinaweza kukupa rangi ile ile. Alikuwa amefundisha hilo kila mwaka, alikuwa akitukata alama tukilisahau, na leo amelisahau mbele ya watu kwa sababu walikuwa wanacheka.

Nilimwambia Aikande atasamehe. Aliniambia hakuniuliza hilo.

Kikao kilichofuata aliomba nafasi. Kusimama kulimchukua muda, akishikilia mgongo wa kiti, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aikande alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Nilisikia baadaye kwamba Mwalimu alimtuma mwenyekiti mwenyewe kwenda kumwita.

"Kikao kilichopita nilifanya jaribio nusu," alisema. "Iodini ilionyesha wanga, nami nikawaacha mfikiri ni mwingi. Nimesoma kopo lote. Ni kidogo, umetiwa ili unga uwe mzito ukikorogwa. Unga wenyewe ni mbaya. Una ladha ya ukuta uliopakwa chokaa, na aliyepanga bei yake hana haya. Lakini kopo halikudanganya. Niliyedanganya ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Akaendelea kusimama, akamwambia Aikande kwamba anataka kuagiza.

Aikande alinyanyuka, akamwuliza kwa sauti ndogo kama anataka wa chokoleti au wa vanila.

"Ulio mbaya zaidi," Mwalimu alisema. "Nataka nikishakunywa nisitamani kitu kingine."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Aikande naye akacheka huku anafuta macho kwa viganja. Walioghairi waliagiza upya. Sijawahi kuona tangazo la biashara lililofanya kazi kama tusi lile, na Aikande mpaka leo huwaambia wateja wapya kwamba unga wake una ladha ya ukuta, umethibitishwa na mtaalamu.

Cha ajabu ni kwamba ulisaidia. Mwalimu aliunywa kila asubuhi akiwa amekunja uso kama anayepewa dawa ya minyoo, mchana akala mayai na mboga ya mnafu, au dagaa, jioni jibini ya Mzee wa duka au samaki wa kopo, na mtindi wa ng'ombe wake mwenyewe ambaye hakuandikwa popote. Uzito ulianza kushuka, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa bidii. Watu walianza kumwuliza siri. Aliwajibu kwamba siri ni kukosa raha. Mimi, kwa kumbukumbu tu, niliongezeka. Gauni la sendofu ilibidi liongezwe kitambaa pembeni, na fundi aliponiuliza nimekuwa nakula nini nikamwambia protini.

Alipasuliwa goti mwishoni mwa mwaka. Wodini aliwasumbua wauguzi kwa kukataa uji wa wagonjwa mpaka wakampelekea yai, kisha akalikosoa yai. Krismasi watoto wake walipanda wote kutoka Dar na Mwanza na magari yao, wakachinja mbuzi, nyumba ikajaa wajukuu waliomkuta bibi yao anatembea na mkongojo kutoka chumbani mpaka kibarazani, akiwaelekeza kila mmoja anachokosea. Nilipita kusalimia nikamwacha katikati ya kelele. Baada ya mwaka mpya magari yakashuka.

Nilimwona wiki chache baadaye, Jumamosi mchana. Sikuwa nimemwambia kwamba nakuja. Nilikuwa narudisha sufuria aliyoniazima. Nilimkuta jikoni bila mkongojo, anapika ndizi na nyama, harufu imejaa nyumba. Nilishangaa, nikamwuliza kama daktari amebadilisha mawazo. Akasema hapana, yeye atakula nyama na mchuzi, ndizi hatagusa. Mezani palikuwa na sahani mbili.

"Shikamoo, Mwalimu. Unamtarajia nani?"

"Marahaba. Simtarajii mtu. Kaa."

Nikakaa. Aliendelea kukoroga akiwa amenipa mgongo, na maneno yake aliyatoa taratibu, kwa vipande, kama anayetoa miiba ya samaki kinywani.

Alisema baba wa watoto wake alipofariki, mkono wake haukujifunza. Ulikuwa umezoea kupima ndizi za watu wawili, na kila alipojaribu kupunguza, akifika mwisho wa kumenya anakuta ni za watu wawili. Kumwaga hawezi. Basi akawa anaweka sahani mbili, anakula ya kwake, anakaa kidogo, halafu anakula ya mumewe. Mchana na jioni. Miaka yote ile tuliyokuwa tunamtania kwa njia nyembamba.

"Daktari aliniuliza ninakula nini na mara ngapi," alisema. "Nilimjibu yote aliyoniuliza. Sahani ngapi hakuuliza."

Nikasema kitu cha kipumbavu, kwamba ndiyo maana tulihangaika na makopo yote yale.

"Makopo mengi sikuyahitaji. Siku ya kwanza tu nilijua mayai yanatosha." Akageuka, na uso wake ulikuwa ule ule wa darasani, umekunjamana kidogo kwa moshi. "Lakini kuonja kunataka watu wawili."

Akapakua. Kwenye sahani yangu alijaza ndizi na nyama mpaka ukingoni, kwenye yake akaweka vipande vya nyama na mchuzi na kilima cha mboga. Nikataka kusema kwamba nimeshakula kwangu, maana ni kweli nilikuwa nimekula. Aliketi upande wa pili wa meza, akanisogezea chumvi, akanitazama mpaka nilipochukua kijiko, ndipo na yeye akaanza.